Prosesa ya ruta inapanda na mtandao unakwama: soma historia yake kabla hujaizima

Wakuu, kuna simu moja kila fundi wa mtandao anaijua. Mteja anapiga saa tatu usiku, "fundi, intaneti imekufa kabisa", unamwambia zima subiri kidogo washa, anazima anawasha, inarudi, mnaagana. Kesho unaenda, unafungua ruta unakuta prosesa (ubongo wa ruta) iko asilimia 6, kila kitu kinapumua, unamwambia mbona ruta nzima hii. Usiku inakufa tena. Mnaenda hivo mwezi mzima, mwisho mteja ananunua ruta mpya na tatizo linahamia kwenye ruta mpya.

Kosa ni kwamba tunapima prosesa ya leo asubuhi wakati ugonjwa ulikuwa wa jana usiku. Ruta inaweza kukumbuka jana ilikuwaje, ila nyingine mpaka uiambie, na ile kuzima na kuwasha kunafuta ushahidi wote kwa baadhi ya ruta. Kwa hiyo kama mtandao umekwama na bado unaweza kuingia kwenye ruta, hata kwa kuvuta pole pole, ingia kwanza, piga picha ya unachokiona, ndo uzime.

Nitaongelea ruta za MikroTik na Cisco kwa sababu ndo ninazokutana nazo kwenye lodge, shule, maofisi na kwa watoa huduma wadogo. Nimepanga kwa dalili, na kwenye kila dalili naanza na kisababishi ninachokutana nacho zaidi.

Kabla ya dalili zote: hakikisha ruta inaweka kumbukumbu

MikroTik haiweki historia ya prosesa mpaka uiwashe. Ingia teminali andika hizi mbili:

/tool graphing resource add allow-address=192.168.88.0/24
/tool graphing interface add allow-address=192.168.88.0/24

Hiyo anwani weka ya mtandao wako wa ndani, usiache 0.0.0.0/0 maana hapo yeyote anayeifikia ruta anaziona grafu zako. Afu fungua kivinjari, http://192.168.88.1/graphs/, utakuta grafu ya siku, ya wiki, ya mwezi na ya mwaka. Kwenye grafu ya siku kila kitone ni wastani wa dakika 5, ya wiki ni dakika 30, ya mwezi ni masaa 2, ya mwaka ni siku nzima. Kama ulifunga huduma ya www kwa ajili ya usalama ukurasa hautafunguka, ziangalie kwa Winbox (programu ya kompyuta ya kusimamia MikroTik), Tools, Graphing, au iruhusu www kwa anwani za ndani peke yake.

Cisco yenyewe inaandika bila kuombwa. Ukipiga show processes cpu history inakuchorea grafu tatu kwa nyota na reli, nyota na reli zile zile za kuangalia salio. Ya kwanza ni sekunde 60 zilizopita, ya pili dakika 60, ya tatu masaa 72. Hapa wengi wanapotea kwa sababu tumezoea grafu inatembea kwenda kulia, kwenye hii "sasa hivi" iko kushoto kabisa, kadri unavyokwenda kulia ndo unarudi nyuma. Namba za juu zinasomwa kutoka juu kwenda chini, ukiona 9 na chini yake 8 hiyo ni 98, ndo kilele cha muda ule. Nyota ni kilele, reli ni wastani. Safu yenye nyota mpaka juu lakini reli zimeishia chini, prosesa iliruka sekunde chache ikashuka, usihangaike nayo sana. Safu iliyojaa reli mpaka juu, hapo prosesa ilibanwa muda wote ule na watu waliumia. Na historia hii inakaa kwenye RAM, ruta ikizimwa imeenda.

Sasa kuhusu wastani, maana grafu inaweza ikakudanganya bila kusema uongo. Prosesa ikikaa asilimia 100 dakika moja nzima afu ikakaa 25 dakika nne zinazofuata, grafu ya dakika 5 itakuandikia 40. Unaangalia 40 unasema safi, wakati kwa dakika nzima simu za WhatsApp zilikatika na mashine ya malipo kaunta ikagoma. Kwa hiyo ukichunguza tukio tumia grafu ya siku, ile ya mwezi na mwaka ni ya kuona kama mzigo unakua na lini ununue ruta kubwa.

Kitu kingine ni saa. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kushika saa, umeme ukikatika zikiwaka saa imerudi nyuma mpaka ipate NTP (huduma ya kuchukua saa sahihi mtandaoni). Weka NTP client, na kwenye MikroTik andika /system clock set time-zone-name=Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, zote ni masaa 3 mbele ya UTC (saa ya kimataifa). Na mteja akikwambia "jana saa nane mchana ilikata" wewe unatafuta 14:00, na kama seva yako ya grafu iko kwenye UTC unatafuta 11:00. Nimeona vijana wazuri kabisa wanakagua grafu ya 08:00 wanasema hakuna kitu, na kweli hakuna kitu, asubuhi ile watu ndo walikuwa wanakunywa chai.

Kama una ruta nyingi, kuzungukia moja moja hutaweza, weka programu ya ufuatiliaji kama Zabbix, LibreNMS au Cacti ivute namba kwa SNMP (njia ya kuuliza kifaa hali yake kwa mbali). Kwa Cisco ya IOS wastani wa dakika 1 uko kwenye namba ya SNMP 1.3.6.1.4.1.9.9.109.1.1.1.1.7 na wa dakika 5 unaishia na 8. Kwa MikroTik tumia 1.3.6.1.2.1.25.3.3.1.2, inakupa kila kiini cha prosesa peke yake. Usiache jina la community (ni kama paswadi ya SNMP) liwe public, na iruhusu anwani ya seva yako tu.

Dalili: inapanda kila jioni muda ule ule, usiku wa manane inashuka

Weka grafu ya prosesa na grafu ya poti ya intaneti sambamba. Zikipanda pamoja na kushuka pamoja kama pacha, basi ni mzigo wa watu, hakuna mchawi. Swali linabaki kwa nini mzigo huo unaichosha ruta.

Kisababishi cha kwanza kwenye MikroTik ni kwamba kila pakiti inapitishwa kwenye faiwoli yote (orodha ya sheria za kuruhusu na kuzuia trafiki), sheria baada ya sheria. Wakati wa tatizo lenyewe andika /tool profile, utaona majina na asilimia: firewall, networking, queuing, na wengineo. Firewall ikiwa ndo kubwa, hakikisha sheria ya kupitisha koneksheni ambazo tayari zimeshakubaliwa iko juu kabisa ya chain ya forward (sheria za trafiki inayopita kwenye ruta), siyo ya arobaini. Afu kuna fasttrack, imekuwepo tangu RouterOS 6.29, inapitisha koneksheni zinazojulikana kwa njia ya mkato na prosesa inashuka waziwazi. LAKINI, na hapa tafadhali soma mara mbili, trafiki ya fasttrack inaruka simple queue zako (foleni za kugawa spidi). Kama unauza vocha za hotspoti au PPPoE (mteja anaunganishwa kwa jina na paswadi yake) na unagawa spidi kwa kila mteja, ukiwasha fasttrack bila kuchagua ni trafiki ipi iguse, mteja wa elfu moja anapata spidi ya ofisi nzima.

Cha pili ni Layer7. Mtu alitaka kuzuia YouTube shuleni akakopi mistari ya Layer7 kutoka mahali, akaweka sheria kumi. Layer7 inasoma ndani ya pakiti za mwanzo za kila koneksheni ikitafuta maneno, ni kazi nzito, na siku hizi karibu kila tovuti imefungwa kwa HTTPS kwa hiyo inachosha ruta na mara nyingi haizuii kitu. Angalia /ip firewall layer7-protocol print. Zima sheria za faiwoli zinazoitumia, siyo kuzifuta, subiri jioni moja uone grafu. Kuzuia tovuti fanya kwa tls-host (jina la tovuti linaloonekana koneksheni ya HTTPS inapoanza), kwa DNS (huduma ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani), au kwa address-list (orodha ya anwani), hiyo inakubali hata jina la tovuti.

Cha tatu ni foleni nyingi za spidi, mteja mmoja foleni moja, wako mia tatu. Queuing itakuwa juu kwenye profile. PCQ inakugawia spidi sawa kwa watu wengi kwa sheria chache, jifunze hiyo kabla hujaenda dukani.

Cha mwisho ruta yenyewe ndogo. Kale kadude ka hAP lite kana kiini kimoja cha MHz 650 na RAM ya MB 32, kamewekwa kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba 40. Hapo hakuna cha kurekebisha, badilisha.

Dalili: prosesa iko juu hata saa tisa usiku, wateja wamelala

Hii ndo dalili ninayotaka uichukulie serious kuliko zote, kwa sababu prosesa inafanya kazi na wateja wako hawajaituma.

Nikupe mfano. Lodge moja, intaneti inakwama bila mpangilio, wamiliki wamebadilisha mpaka mtoa huduma. Grafu ya siku ya prosesa ilikuwa mstari uliolala juu, 85, 90, 88, usiku kucha, wakati grafu ya poti ya wateja inaonyesha usiku hakuna mtu. Ila grafu ya poti ya nje, rangi ya kutoka ilikuwa juu kuliko ya kuingia. Lodge gani inatuma vitu vingi kuliko inavyopokea saa tisa usiku? Nikapiga /tool profile, neno dns limeshika nusu ya prosesa. Ruta ilikuwa inajibu maswali ya DNS ya dunia nzima. Watu wanatuma swali dogo kwa anwani ya kudanganya, ruta inatuma jibu kubwa kwa mtu ambaye hakuuliza, ndo wanavyopiga watu mashambulizi kwa kutumia ruta yako. Na ile ruta niliisanidi mimi mwaka uliotangulia, niliweka allow-remote-requests=yes ili wateja wapate DNS nikasahau kufunga upande wa nje. Iliniuma, kwa sababu wale watu walilipa hela mbili tatu kwa kosa la mistari miwili:

/ip firewall filter add chain=input in-interface=ether1 protocol=udp dst-port=53 action=drop place-before=0
/ip firewall filter add chain=input in-interface=ether1 protocol=tcp dst-port=53 action=drop place-before=0

Badala ya ether1 weka poti yako ya nje, kama unapata intaneti kwa PPPoE inakuwa pppoe-out1. Ukiweka ether1 wakati trafiki inaingilia pppoe-out1 sheria itakaa hapo inahesabu sifuri. Kama teminali ikikataa place-before=0, zibuluze juu kwa mkono kwenye Winbox, la msingi zisiwe chini ya sheria inayoruhusu. Kupima, chukua bando la simu, siyo WiFi ya pale, piga nslookup google.com ukimalizia na anwani ya nje ya ruta yako. Ikijibu, uko wazi. Na kama anwani yako ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amekuficha nyuma ya anwani ya pamoja, watu wa nje hawakufikii moja kwa moja, angalia visababishi vingine.

Kinachofuata kwa wingi ni watu wanaojaribu paswadi. Fungua /log print, ukiona login failure mistari mamia kutoka anwani usizozijua, kila jaribio ruta inalihangaikia. Nenda /ip service, zima telnet, ftp, api na vyote usivyotumia, winbox na ssh ruhusu anwani zako tu.

Cha tatu, ruta imeshaingiliwa. Hapa kuna historia ya kweli ya kuijua. MikroTik za RouterOS 6.29 mpaka 6.42 zilikuwa na tundu kwenye Winbox, linajulikana kwa namba CVE-2018-14847, mtu wa nje aliweza kuvuta faili la majina na paswadi bila kuingia. Marekebisho yalitoka Aprili 2018 na toleo la 6.42.1, na mwaka huo huo ruta nyingi sana duniani zilikutwa zimewashwa proksi inayowatupia watumiaji skripti za kuchimba sarafu za kidijitali. Mpaka leo unakutana na ruta ya zamani haijawahi kuguswa. Kagua hivi:

/system scheduler print
/system script print
/ip socks print
/ip proxy print
/user print

Ukiona kazi ya ratiba usiyoiandika wewe, hasa yenye neno fetch na anwani ya ajabu, au socks imewashwa, au mtumiaji humjui, SIMAMA HAPO. Usifute ule mstari mmoja ukaridhika. Kuapdeti peke yake hakutoshi kwa sababu paswadi walishaichukua. Chomoa waya wa nje, toa /export kwenye maandishi uisome mstari kwa mstari, afu ruta ipigwe Netinstall (kuweka mfumo wake upya kutoka kwenye kompyuta) na usanidi uandikwe tena kwa mkono, usirudishe ile bakapu maana utarudisha na mgeni wako. Hujawahi kufanya Netinstall? Ita anayeijua, ukiikosea katikati ruta haiwaki na wateja wako nje. Na kama ni mtoa huduma mwenye wateja wa watu, kuna timu za taifa za usalama wa mtandao, Tanzania ni TZ-CERT chini ya TCRA, Kenya ni KE-CIRT/CC, toa taarifa.

Dalili: imeruka ghafla 100 na hata mtandao wa ndani umekufa, printa haionekani

Karibu kila mara ni lupu. Mtu amekuta waya unaning'inia akauchomeka kwenye tundu la jirani la swichi hiyo hiyo, akidhani anasaidia. Pakiti zinazunguka bila mwisho, taa za swichi zote zinapepesa kwa pamoja kwa kasi moja, ukishaiona mara moja huisahau. Kwenye logi ya MikroTik utakuta maneno own address as source address, probably loop.

Usihangaike na teminali hapa, haitakusikiliza. Chomoa waya za swichi moja moja, kila ukichomoa hesabu mpaka kumi uangalie taa, zikitulia huo ndo waya. Ukishapata, washa RSTP (kinga ya lupu) kwenye briji, yaani poti zilizounganishwa pamoja (protocol-mode=rstp), ili siku nyingine poti ijifunge yenyewe. Kama siyo waya, angalia kifaa cha WiFi kilichounganishwa kwa waya na kwa hewa kwa wakati mmoja, nacho kinafanya lupu.

Dalili: jumla inasema 25 tu lakini intaneti imekwama

Hii inawapoteza wengi. Ruta kama hEX RB750Gr3 inaonekana ina viini vinne. Kazi moja ikishika kiini kimoja chote, jumla inaandika asilimia 25 na grafu inaonekana nzuri, wakati ile kazi moja imefika ukomo. Andika /system resource cpu print au /tool profile cpu=all uone kila kiini. Sababu ya kawaida ni handaki moja la VPN lililobeba trafiki yote, au foleni moja kubwa ya spidi. Suluhisho ni kugawa mzigo, mahandaki mawili badala ya moja, foleni kadhaa badala ya moja mama, au kutumia aina ya usimbaji ambayo ruta inaweza kuifanya kwa vifaa vyake bila kuisumbua prosesa.

Dalili: meno ya msumeno, inapanda na kushuka kwa muda sawa

Pima umbali kati ya jino na jino. Kila dakika 5 kamili, ni seva yako ya SNMP inakuja kuhesabu, hasa kama umeiambia ivute jedwali zima la njia au la ARP (orodha ya vifaa vya jirani). Punguza inachouliza. Kila saa kamili, tafuta kwenye scheduler, kuna skripti. Kwenye Cisco yenye BGP (mfumo wa kubadilishana njia na mitandao mingine), kila sekunde 60 kuna kazi inaitwa BGP Scanner inapita kukagua njia, kuruka kwake kwa sekunde chache ni kawaida kabisa, iache.

Na wakati mwingine jino ni wewe. Winbox iliyofunguliwa madirisha mengi, Torch (ya kuangalia trafiki inayopita) uliyoisahau inaendelea, au Bandwidth Test uliyoipiga kutoka ndani ya ruta yenyewe, zote zinakula prosesa. Spidi ipime kwa kompyuta mbili, ruta ikae katikati.

Dalili: Cisco, prosesa juu na hujui nani anakula

Piga show processes cpu sorted uangalie mstari wa kwanza tu kwanza:

CPU utilization for five seconds: 94%/88%, one minute: 71%, five minutes: 42%

Ile 94 ni jumla. Ile 88 baada ya mkwaju ni kazi ya kupitisha pakiti moja kwa moja. Hizi mbili zikikaribiana hivi, ruta inabeba trafiki tu, nenda kwenye grafu za poti utafute nani anatuma nyingi, usipoteze muda kwenye orodha ya chini. Ikiwa 94%/12%, kuna prosesi fulani inakula zile 82 zilizobaki, hapo ndo ushuke kwenye orodha.

ARP Input ikiwa juu, mara nyingi njia ya kwenda nje imeelekezwa kwenye poti bila anwani ya jirani, namna hii: ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 GigabitEthernet0/0. Ruta inaamini dunia nzima iko kwenye waya ule, kwa kila anwani mpya inapiga kelele "wewe uko wapi?". Ongeza anwani ya jirani mwishoni. Ukifanya kwa mbali, piga kwanza reload in 10 (ruta ijizime na kuwaka baada ya dakika 10) bila kusevu, weka mstari mpya ndo uondoe wa zamani, ukijifungia nje itajizima na kurudi kama ilivyokuwa, ukifanikiwa piga reload cancel. Kumbuka tu ikijizima historia inaondoka, kwa hiyo kopi grafu kabla.

IP Input ikiwa juu, pakiti zinapelekwa kwa prosesa badala ya kupita njia ya haraka. Angalia kama mtu alizima CEF, ndo hiyo njia ya haraka ya Cisco (show ip cef itakwambia), au pakiti nyingi zinalengwa kwa ruta yenyewe. Exec au Virtual Exec ikiwa juu, kuna debug (uchunguzi wa kina) imeachwa au logi zinamwagwa kwenye konso, ambayo kwa kawaida ni baud 9600, finyu sana. Piga undebug all, afu no logging console. Na onyo: usiwashe debug ip packet kwenye ruta ambayo tayari iko 90. Ni kumpandisha mgonjwa ngazi.

Dalili: grafu ina mapengo

Kwanza angalia uptime, yaani muda tangu ruta iwake. Kama ni fupi kuliko muda uliopita tangu pengo lianze, ruta ilizimika, mara nyingi ni umeme au adapta. Kama uptime ni ndefu na pengo liko katikati ya mlima, yaani kabla yake prosesa inapanda na baada yake inashuka, ruta ilikuwa imebanwa hata kujibu SNMP ikashindwa, kwa hiyo pengo lihesabu kama 100. Pengo likiwa kwa ruta zote za eneo moja, laini au seva yako ndo ilikata.

Adapta ikiwa ya moto kupita kiasi, inalia, au ndani kapasita imevimba, badilisha adapta yenye volti ile ile, usiifungue kuichezea. Na ruta ikiwa juu ya mnara au kwenye nguzo karibu na umeme, usipande, mwite mpandaji mwenye mkanda na vifaa. Radi ikiwa inanguruma hata yeye asubiri.

Dalili: intaneti nzito, prosesa iko chini siku nzima

Basi siyo prosesa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, watu Tanzania na kwingineko Afrika Mashariki walihangaika na ruta zao siku nzima. Piga ping kwa ruta, afu anwani ya kwanza ya mtoa huduma, afu 8.8.8.8, unaona inapoanza kuchelewa, ukikuta ni nje ya jengo mpigie mtoa huduma ukiwa na hizo namba.

Ukifika pa kumwita mtaalamu

Ukishapitia hizi na bado, au ruta inabeba benki, hospitali, au wateja wengi na huna bakapu, acha kubahatisha. Kwenye MikroTik toa /system sup-output, kwenye Cisco toa show tech-support na ile historia, hata kwa kukopi maandishi. Weka na picha ya grafu ya siku, na andika tarehe na saa ya tatizo kwa namna zote mbili, "saa mbili usiku, yaani 20:00". Kwenye MikroTik ukilazimika kubadilisha kitu kwa mbali ingia kwanza Safe Mode kwa Ctrl+X, ukikatika inarudisha ulivyokuta. Na faili hizo zina usanidi wako ndani, usizitupe kwenye grupu la watu mia mbili, mtumie yule mmoja anayekuja kufanya kazi.